Herufi Kumi na Tano

Kompyuta huletwa kwangu na jina la mfungwa:
K-saba-Q, kistari, sufuri-nne-sufuri,
namba iliyotemwa na kiwanda bila kutazama uso.
Naipangusa vumbi, naipasua tumbo,
nakuta mende, nakuta sarafu ya hamsini,
siku moja kipini cha pua.
Nikishaifuta, inaniuliza yenyewe, kwa upole wa mgeni:
utaniita nani?

Herufi kumi na tano, basi. Nafasi hairuhusiwi.
Pungufu moja tu ya mizani za mshororo.
Mshairi angenuna; mimi nina foleni mlangoni.

Mimi ni mtoto wa Bombo, Mnubi.
Kiswahili changu kililelewa kambini:
kilijua simama, kilijua geuka,
kilijua kitambulisho kiko wapi.
Kutoa jina hakikufunzwa.
Nimekifunzia hapa, Fort Portal,
juu ya meza yenye matone ya risasi,
ile ya kuungia nyaya, si ile ya kambini.

Wateja wana vituko.
Mwalimu Tibesigwa aliiita yake Rolex,
maana niliiunda kwa kuviringisha,
yai la marehemu huyu ndani ya chapati ya marehemu yule.
Kinyozi wa pale juu akaandika Umeme;
ikazimika kabla hajanilipa.
Masista wa zahanati wanayo Subira,
nami nimewaambia mara mbili: mnajitakia.
Mtoto wa darasa la sita alitaka
MlimaUnaojifichaNyumaYaUkungu.
Tukahesabu pamoja, vidole vyangu na vyake.
Haukuingia.
Akabakiza Ukungu, akaondoka kavimba mashavu,
na kioo chake, kusema kweli, kina ukungu.

Halafu Alhamisi, mvua inachapa mabati,
dada mmoja, Kabahenda,
akatoa ndani ya mfuko wa unga mashine ya kaka yake.
“Amefariki mwezi wa pili. Futa vyote.
Kuna mnunuzi Kyenjojo.”
Alisema kama anayesoma risiti.
Walikuwa hawasemezani, akaongeza, sikumuuliza,
miaka mitatu, kwa ajili ya kiwanja.

Kabla ya kufuta mimi husoma jina.
Ni adabu tu, kama kupiga hodi.
Nikalisoma kwa sauti: Abwoli.

Watooro wana jina la pili, mpaako,
la kuitana kwa mapenzi na heshima.
Ni machache, na yanawatosha wote;
usipomuuliza mtu lake, salamu yako haijafika.
Mimi mgeni, nikadhani ni la marehemu.
“La. Yeye alikuwa Atwoki.”
Akakaa juu ya printa mbovu, sikumkataza.
“Abwoli ni mimi.”

Mvua ikaendelea na kazi yake.
Akauliza liliandikwa lini. Nikatafuta.
Novemba iliyopita,
kiwanja kikiwa bado mahakamani.

Yaani kila asubuhi
mtu yule aliyempita dada yake sokoni kama nguzo
alirudi nyumbani, akavuta kiti, akabonyeza kitufe,
akamsubiri Abwoli aamke.

“Futa vyote,” akasema tena,
na safari hii hapakuwa na risiti machoni.
“Jina uliache.”

Haliachwi, nikamweleza; linakwenda na vingine,
kisha mtu huliandika upya.
“Basi sogea.”
Akaliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja,
akitafuta W kama anayetafuta ufunguo gizani.
Herufi sita.
Tisa zikabaki tupu, na kile kijistari
kikawa kinapepesa mbele yake,
kinawaka, kinazima, kinawaka.

Hajarudi kuichukua. Iko rafuni, karibu na redio,
naiwasha Jumatatu ili isipate kutu.
Mnunuzi wa Kyenjojo amepiga simu mara nne.
Namwambia hiyo ina mwenyewe.